Kamera Isiyoingia Maji na Sharti la Tawakali

Kamera ndogo ngumu ya Olympus iitwayo Tough TG-6, iliyotoka mwaka 2019, iliuzwa kwa ahadi nne. Inazama hadi mita 15 bila kuingia maji, inaanguka kutoka mita 2.1 bila kuvunjika, inastahimili uzito wa kilo 100 bila kupondeka, na inafanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Kijitabu cha maelekezo kinarudia ahadi hizo hizo, kisha kinaweka masharti. Kabla ya kuingia majini angalia mpira wa kuzibia ulio kwenye kilango cha betri. Hakikisha hakuna punje ya mchanga, unywele wala uzi. Funga kilango, kisha kaza komeo lake. Ukitoka baharini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Na kila mwaka, peleka kamera kwa fundi wa kampuni mpira ubadilishwe. Mnunuzi husoma ahadi akiwa dukani; masharti, kama atayasoma, huyasoma akishafika nyumbani. Hapo katikati limekaa swali kongwe kuliko kamera zote, ambalo wacha Mungu na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi: aliyemwamini mwenye ahadi, je, ana haja ya kuangalia tena? Na kule kuangalia kwake si dalili kwamba hakuamini?

Jibu ninalolitetea ni kwamba pale ahadi inapokuja na sharti, kulitimiza sharti ndiko kuamini kwenyewe. Anayeliruka sharti hajaiamini ahadi aliyopewa. Ameamini ahadi nyingine aliyoitunga mwenyewe. Nimeichagua kamera kwa makusudi. Katika mambo mazito, kama ugonjwa wa mtoto, mvua za msimu au safari ya chombo baharini, swali la tawakali hutujia likiwa limegubikwa na hofu, na ni vigumu kulitazama kwa utulivu. Hapa kila kitu kiko wazi: ahadi imeandikwa kwenye boksi, sharti limeandikwa kwenye kijitabu, na matokeo huonekana ndani ya saa moja. Atakayeona kwamba ni kulidhalilisha jambo la imani kulishusha hadi kwenye mpira wa kamera, akumbuke kwamba hakuna aliyejifunza uaminifu kwa kuanzia na mambo makubwa. Moyo ambao mtu anaingia nao chumba cha upasuaji ameulea muda mrefu, kwenye vitu vidogo vya kila siku.

Tukitazame kwanza chombo chenyewe, maana hoja yote imekaa humo. Mwili wa kamera hii umefungwa kiwandani, vitufe vimezibwa kwa ndani, na lenzi haitokezi nje inapovuta picha karibu. Inasogea humo humo ndani, nyuma ya kioo. Mtumiaji ameachiwa sehemu mbili tu za kufungua: kilango cha betri na memori kadi, na kilango cha waya wa kuchajia. Kila kimoja kina ukanda mwembamba wa mpira laini. Sasa, kila ushukapo mita 10 baharini, maji huongeza shinikizo la takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba; kwenye mita 15 ni kilo moja na nusu. Shinikizo hilo hukisukuma kifuniko kwa ndani, mpira unabanwa, unajaa kila upenyo, na hivyo bahari yenyewe inasaidia kuziba. Ndiyo sababu wanaopiga picha chini ya maji huihofia mita ya kwanza kuliko ya kumi. Kwenye maji ya magotini mpira bado haujabanwa vya kutosha, na unywele mmoja uliolala juu yake hufanya mfereji usioonekana kwa jicho. Maji ya chumvi yakifika kwenye saketi yenye umeme wa betri, hayangoji: lenzi inaingia ukungu kwa ndani, skrini inacheza, kamera inazima na haiwaki tena.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mjadala wetu. Binadamu huwa makini anapoihisi hatari, na baharini hatari tunaihisi kwenye kina. Kumbe ahadi hii huvunjika kwa urahisi zaidi pale ambapo mtu haoni cha kuogopa: amesimama ufukweni, jua linawaka, viganja vina mafuta ya kujikinga na jua, upepo wa kusi unapeperusha mchanga, naye anafungua kilango abadilishe betri haraka haraka ili asiachwe na boti. Kitendo kitakachoamua kama kamera itatoka salama kinafanyika nje ya maji, tena kwenye dakika ambayo akili yake iko kwenye jambo jingine. Mashehe na mapadri wanaotuhimiza kuwa macho katika raha kuliko katika shida wangepata hapa ushahidi wa kushikika.

Na zile namba, nazo zina historia yake. Uwezo wa kuzuia maji hupimwa kwa kiwango cha kimataifa kinachoitwa IEC 60529. Daraja lake la saba ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Daraja la nane, ambalo ndilo la kamera hii, humwachia mtengenezaji ataje mwenyewe kina na muda, mradi viwe vikali kuliko vya daraja la saba. Kipimo hicho hufanywa kwa kuzamisha chombo taratibu. Mtu anayejirusha kutoka kwenye boti huku kamera iko mkononi anakipiga kilango na maji kwa nguvu ambayo kipimo hakikuijua. Kuhusu kuanguka, watengenezaji wa kamera za aina hii hutaja kiwango cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810, ambacho katika kipimo chake cha kuangusha kinataka kitu kiangukie mbao nene ya sentimita 5 iliyolazwa juu ya zege. Yaani zile mita 2.1 si za kuangukia jiwe la matumbawe lenye ncha. Je, mnunuzi amedanganywa? Sioni hivyo. Muuzaji wa kuogopwa ni yule anayesema kitu chake hakiharibiki, basi. Aliyetaja mpaka wa ahadi yake amekupa njia ya kumpima, na ameonyesha kwamba yeye mwenyewe amejipima kwanza. Mwanafalsafa wa Uingereza Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya mwaka 2002 kuhusu uaminifu, alishikilia kwamba imani iliyowekwa mahali pake huzaliwa na kuuliza na kuchunguza, haizaliwi na kupokea kwa macho yaliyofumbwa. Kwa mtazamo huo, anayesoma kijitabu cha maelekezo hadi mwisho anamheshimu mtengenezaji kuliko anayekitupa pamoja na boksi.

Hadithi ya mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, iliyopokewa na Tirmidhi, inajulikana mno kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa hiyo sitaikalia. Ninayetaka tumsikilize ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kwa sababu yeye hakuishia kwenye jibu, aliyapanga mambo. Katika Ihya Ulum al-Din ametenga kitabu kizima cha tauhidi na tawakali, na humo anazigawa sababu, yaani njia ambazo Mungu ameziweka ili mambo yatokee, katika mafungu matatu. Kuna sababu za yakini, kama kunyoosha mkono kuchukua chakula kilicho mbele yako. Anayekataa kunyoosha mkono akisema anatawakali, Ghazali anamhesabu kuwa amepotewa na akili. Kuna sababu za dhana yenye nguvu, ambazo mara nyingi huleta matokeo ingawa si lazima, kama kubeba masurufu safarini. Na kuna sababu za kuwazia tu, ambazo mtu anazing'ang'ania bila msingi wa kutosha. Kuziacha za kwanza ni upungufu wa akili. Kuziegemea za tatu ndiko kunakoiharibu tawakali.

Ghazali anamtaja pia Ibrahim al-Khawwas, sufi aliyesifika kwa tawakali kiasi cha kuingia jangwani bila chakula. Hata hivyo vitu vinne havikumtoka: sindano, mkasi, kamba na ndoo ya ngozi. Mtu huyu aliacha mkate akabeba kamba. Sababu inaelezwa kwa utulivu kabisa: maji ya jangwani yako chini kisimani, na si desturi ya Mwenyezi Mungu kuyapandisha yenyewe bila kamba na ndoo, chakula chaweza kupatikana kwa mpita njia au kwa majani ya nyikani, lakini kamba na ndoo ni nadra kuviokota jangwani. Na nguo ikichanika, bila sindano mtu atashindwa kuisitiri tupu yake katika sala. Mfano huu umenishawishi kuliko hoja nyingi, kwa sababu unaonyesha kwamba tawakali kubwa haikufuta vifaa vidogo. Ilivichagua kwa makini zaidi. Kuangalia mpira wa kuzibia ni fungu la kwanza la Ghazali bila ubishi: pana uhusiano wa yakini kati ya unywele uliolala juu ya mpira na maji kuingia. Kusuuza chumvi na kubadili mpira kila mwaka ni fungu la pili. Kufungua na kufunga kilango mara tatu tatu ili roho itulie ni fungu la tatu, na hilo tutalirudia.

Injili nazo zinatupa upande mwingine wa jambo hili hili. Mathayo na Luka wanasimulia jinsi shetani alivyompandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa imeandikwa katika Zaburi kwamba malaika watamchukua. Kinachonigusa ni kwamba ahadi aliyoitaja shetani ilikuwa ya kweli. Hakubuni neno. Na Yesu hakujibu kwamba ahadi hiyo ni ya uongo. Alijibu kwamba Mungu hajaribiwi. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu aishike ahadi ya kweli, ainukuu bila kosa, na bado aitumie kinyume cha alivyoikusudia aliyeitoa. Tofauti ya kuamini na kujaribu iko hapo. Ahadi ya mita 2.1 ilitolewa kwa anayeteleza. Anayeipanda meza na kuibwaga kamera sakafuni ili wenzake washangae, anashika maneno yale yale, namba ile ile, lakini ameondoka kwenye kundi la walioahidiwa. Hata ikidunda na kuwaka, hajathibitisha kwamba anaiamini. Amethibitisha kwamba alikuwa na shaka, akataka ushahidi. Aliyetulia na ahadi haoni haja ya kuilazimisha ijionyeshe.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linasema kwamba hiyo tofauti haina maana kwenye maisha halisi, kwa kuwa kinga yenyewe huzaa uzembe. Mwaka 1975 mwanauchumi Sam Peltzman wa Chicago alidai kwamba sheria za usalama wa magari nchini Marekani hazikuleta faida iliyotarajiwa, kwa sababu madereva waliojiona salama waliongeza ujasiri barabarani. Mjini Munich, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, teksi za kampuni moja zilizofungwa breki za ABS zililinganishwa na zile zisizokuwa nazo. Ajali za teksi zenye breki bora hazikuwa chache kuliko za wenzao, na madereva wake walionekana kukata kona kwa ukali na kuwakaribia mno walio mbele. Ikiwa ni hivyo, msemaji ataendelea, basi heri kamera dhaifu, maana mwenye kamera dhaifu huishika kwa mikono miwili. Na tukiipeleka hoja hiyo kwenye dini, itasema heri mtu asiahidiwe rehema, asije akazama katika dhambi akitegemea msamaha. Hoja hii ina wafuasi wengi, hata miongoni mwa wahubiri.

Siipuuzi. Lakini matokeo ya namna hiyo hayako kila mahali: mikanda ya kwenye gari imeokoa maisha mengi, na watafiti waliomfuata Peltzman hawakukubaliana naye wote. Lililo muhimu zaidi kwangu ni tofauti ya aina za kinga. Breki za ABS hazimdai dereva kitu chochote. Hazina dakika ambayo anasimama, anainama, anaangalia. Zimejificha chini ya gari, naye anazikumbuka pale tu anapotaka kuzitumia kwa kasi zaidi. Kamera yetu inamdai. Kila mara kilango kinapofunguliwa, mtumiaji anakutana uso kwa uso na kitu chembamba kinachoitenganisha kamera na bahari. Sharti lenyewe linamkumbusha kwamba nguvu aliyo nayo ni ya kupewa, na kwamba ina mahali pa kukatikia. Kwa hiyo ushahidi wa Munich unanipeleka upande wa pili: kinga inayozaa uzembe ni ile iliyotolewa bila sharti linaloonekana, au ile ambayo mwenye nayo ameshasahau sharti lake. Dawa yake si kuondoa kinga. Ni kulirudisha sharti mbele ya macho.

Kuna pingamizi la pili, la kawaida zaidi, nalo huulizwa kwa dhati: kama kila nikiingia majini inabidi nikague, basi nimenunua nini? Hapa historia inasaidia. Mwaka 1963 kampuni ya Nikon ilianza kuuza kamera iitwayo Nikonos, iliyotokana na Calypso ya Mbelgiji Jean de Wouters aliyefanya kazi na Jacques Cousteau, nayo ilizama bila kuwekwa ndani ya kasha jingine. Ilidumu sokoni, kwa matoleo yake mbalimbali, hadi 2001. Mwenye Nikonos alikuwa akizitoa pete za mpira, akizipangusa, akizikagua moja moja, akizipaka grisi ya silikoni kidogo na kuzirudisha, kisha ndipo aende baharini. Kilichopungua tangu hapo ni kiasi cha kazi. Kazi yenyewe haijaondoka. Na faida aliyoipata mnunuzi wa leo ni kubwa, kwa kuwa uangalifu wote umekusanywa mahali pamoja. Mwenye kamera ya kawaida ndani ya boti ana wasiwasi wa kila rasharasha, tangu kung'oa nanga hadi kurudi. Mwenye kamera hii ana dakika moja ya umakini kabla ya kuingia majini, na baada ya hapo mkono na jicho vimeachiwa huru, amtazame samaki, aache kuitazama kamera. Sijui raha ya kweli isiyopatikana hivyo. Anayetaka uhuru wa majini bila ile dakika ya nchi kavu anataka matunda ya ahadi kwa kuikana nusu yake.

Pingamizi la tatu ni la upande ulio kinyume. Linasema: ukishafungua mlango wa kukagua, utaufunga saa ngapi? Mtu aweza kuangalia mpira, akafunga, akashuku, akafungua, akaangalia tena, hadi jua linachwa. Hatari hii ni ya kweli, na wanazuoni waliijua mapema kutokana na watu wanaorudia udhu mara nyingi wakidhani haujatimia. Kanuni ya fiqhi iliyowekwa kwa ajili hiyo ni kwamba jambo la yakini haliondolewi na shaka; aliyehakikisha mara moja asirudi nyuma kwa sababu ya mashaka tu. Na kamera inaiunga mkono kanuni hiyo kwa namna ya ajabu. Kila mara kilango kinapofunguliwa, kinakaribisha punje mpya ya mchanga na unyevu mpya wa vidole. Mwenye wasiwasi anayefungua mara ya nne kwa kuogopa uvujaji anaweza kuwa yeye ndiye anayeuleta. Ukaguzi unaotakiwa ni mmoja, wa macho na wa ncha ya kidole kikavu, mahali penye kivuli na pasipo na upepo. Komeo likishaingia, mtu anazama. Kuanzia hapo kuendelea kushuku ni kukosa imani kama vile kutokagua kulivyokuwa kukosa imani.

Lakini vipi yule aliyetimiza yote, na bado maji yakaingia? Hutokea. Mpira huzeeka kwa joto na chumvi, hukakamaa, hupata ufa mdogo kwa chini ambako jicho halifiki. Wengi wakiliona hili husema uangalifu wao ulikuwa wa bure. Wamekosea kuhesabu. Anayedhani kitendo chake kinayafunga matokeo yasiweze kwenda kwingine anaingia kwenye fikra za mganga na hirizi yake. Mwenye kutawakali hufanya lililo lake na kujua kwamba zipo sehemu ambazo mkono wake haufiki. Sheria nayo imezitenganisha sehemu hizo mbili. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyewekewa amana halipi kitu kikipotea bila uzembe wake. Aliyeazima hulipa, isipokuwa pale kitu kinapoharibika kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Kwa mantiki hiyo, aliyeazimwa kamera ya kuzama, akaikagua, akaitumia ndani ya mita 15, ikaingia maji, naona hana la kudaiwa. Na aliyeiazima akafungua kilango kwenye upepo wa mchanga analo. Kamera zote mbili zimekufa kifo kile kile. Tofauti yao iko kwa mtu, na sheria imeiona.

Na mara nyingi kinachopotea ni haki ya wengine. Katika kisiwa cha Mafia, papa potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha za madoa yaliyo ubavuni, nyuma ya matamvua. Madoa hayo hayafanani kwa papa wawili, na programu inayoyalinganisha ilitokana na kanuni iliyobuniwa kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Picha ya leo ikilinganishwa na ya miaka iliyopita inasema kama papa ni yule yule, amerudi au hajarudi. Aliyeingia majini na kamera ambayo hakuikagua hakuhatarisha mali peke yake. Amehatarisha habari ambayo wengine wangeitegemea kwa miaka, na ambayo siku ile ikipita haipatikani tena. Mtu wa namna hiyo akisema alimwachia Mungu, anamsingizia.

Limebaki jambo moja ambalo linanisumbua kwa dhati, nalo ni sharti lisilowezekana. Kijitabu kinataka mpira ubadilishwe kila mwaka na fundi wa kampuni. Kwa mtumiaji wa Osaka hilo ni jambo la kawaida. Kwa aliye kisiwani, mbali na karakana yoyote ya kampuni, gharama ya kuisafirisha kamera na kuirudisha inaweza kukaribia bei ya kamera yenyewe. Je, ahadi ya mita 15 ni yake pia? Nasema si yote. Hakuna anayekalifishwa zaidi ya uwezo wake, na hakosi kwa kutobadilisha mpira asioweza kuupata. Lakini uwezo ukipungua, ahadi nayo imepungua, na uaminifu unamtaka ashushe matumaini yake yalingane na sharti alilolitimiza. Kamera ya mwaka wa tatu ambayo mpira wake haujaguswa si kamera ya mita 15 tena, hata kama boksi bado linasema hivyo.

Kwa hiyo wanaonunua kamera hizi na kuwagawia walinzi wa hifadhi za bahari, vikundi vya wavuvi na wanafunzi, naomba watenge kwenye bajeti ile ile fedha za kubadilishia mpira kila mwaka, na wamkabidhi kila mmoja maelekezo ya ukaguzi yaliyoandikwa kwa Kiswahili, pamoja na kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kama fedha za mpira hazipo, wawaambie wazi wasizame nayo, waitumie juu ya maji na kwenye mvua, ambako bado itawafaa kwa miaka mingi.